Mhina: Faida za Mti Huu, na Hatari ya Ile Iitwayo Hina Nyeusi

Mhina ni mti mdogo ujulikanao sana katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Toka Lamu hadi Mombasa na Unguja, hapana arusi inayokamilika bila ya mikono na miguu ya bibi arusi kutiwa hina. Katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya, wazee wengi wa Kisomali hupaka hina ndevu zao zikawa nyekundu kama moto. Hata hivyo, wengi waipakao hina hawaujui mti wenyewe. Waujua unga tu, tena unga wa dukani uliotiwa katika pakiti.

Kutoujua mti huu kumeleta madhara. Siku hizi huuzwa mitaani dawa nyeusi ambayo watu huiita hina nyeusi, au piko, nayo imewaunguza watu ngozi, wakubwa kwa watoto. Wengine wamebaki na makovu kwa sababu ya pambo la siku moja. Mtu aujuaye mhina, na ajuaye rangi yake hutoka wapi na huchukua muda gani kukolea, hawezi kudanganywa kwa urahisi. Kwa hiyo yafaa kueleza habari za mti huu tangu mwanzo: sura yake, mahali uotapo, kazi zake, na jinsi ya kuupanda.

SURA YA MTI

Mhina ukiachwa ukue wenyewe hufika urefu wa futi 6 hadi 20. Matawi yake ni mengi, nayo hutoka karibu na ardhi, hata ukionekana kwa mbali ni kama kichaka kuliko mti. Gome lake ni la rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Vijitawi vichanga vina pembe nne, na vikizeeka ncha zake hukauka zikawa ngumu na kali kama miiba. Ndiyo sababu ua wa mihina huzuia mbuzi na ng'ombe vizuri.

Majani yake ni madogo, hayapiti inchi 2 kwa urefu. Ni laini, hayana manyoya, yamechongoka mbele na nyuma, na huota mawili mawili yakikabiliana. Maua yake ni madogo sana lakini huja kwa vishada vikubwa, meupe au ya rangi ya maziwa, na mengine huelekea wekundu. Kila ua lina petali nne zilizokunjamana. Harufu yake ni nzuri mno, na jioni mtu huweza kuinusa kabla hajauona mti wenyewe. Baada ya maua huja vitunda vya mviringo, vidogo kuliko punje ya mbaazi, ambavyo vikiiva huwa vya hudhurungi na hupasuka. Ndani yake mna mbegu nyingi ndogo ndogo zenye pembe.

Wataalamu wa mimea huuita mti huu Lawsonia inermis, jina ambalo lilichapishwa na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Katika ukoo wa miti, mhina ni ndugu wa mkomamanga. Neno hina limetoka katika Kiarabu. Wahindi huuita mehndi, na Wasomali huuita cilaan.

MAHALI UOTAPO

Mhina ni mti wa nchi za joto na ukame. Huonekana toka Afrika ya Kaskazini, kupita Sudan, Pembe ya Afrika na Bara Arabu, hadi Iran, Pakistan na India. Katika Kenya huota porini kandokando ya mito ikaukayo wakati wa kiangazi, kwa kuwa mizizi yake huyafikia maji yaliyo chini ya mchanga. Pwani watu huupanda karibu na nyumba.

Mti huu waupenda joto kali. Majani yaliyokua katika joto la digri 35 hadi 45 za sentigredi huwa na rangi nyingi kuliko yaliyokua mahali pa baridi. Baridi ikizidi, majani huwa manjano na kupukutika, na baridi ya karibu na barafu huweza kuua mti mzima. Kwa hiyo mkulima wa nyanda za juu zenye umande wa barafu asijisumbue kuupanda. Lakini mkulima wa pwani, au wa nchi kavu ambako mahindi hushindwa mara kwa mara, anao mti uwezao kustahimili pale mazao mengine yanapokufa.

RANGI YATOKA WAPI

Ukilishika jani bichi la mhina mkononi, halitakutia rangi hata ukilishika mchana kutwa. Rangi imefungwa ndani ya jani pamoja na sukari, nayo haitoki mpaka jani lipondwe na kulowekwa. Majimaji yenye ukali kidogo, kama vile ya ndimu au limau, husaidia kuifungua. Rangi hiyo wataalamu huiita losoni. Kiasi chake ni kidogo: katika sehemu 100 za majani makavu, losoni ni sehemu moja hivi, na katika majani mazuri sana ni karibu sehemu mbili.

Losoni ikigusa ngozi, kucha au nywele hushikamana na keratini, yaani kitu kile kigumu kinachofanya kucha na nywele ziwe imara, na ambacho pia kimo katika tabaka ya juu ya ngozi. Kwa sababu hii viganja na nyayo hukolea zaidi kuliko mgongo wa mkono, maana ngozi yake ni nene. Tabaka hiyo ya juu imekwisha kufa, nayo hubanduka kidogo kidogo kila siku. Basi hina nayo hutoka pamoja nayo, na baada ya wiki moja hadi tatu huwa imekwisha. Kucha hazibanduki, kwa hiyo rangi hubaki mpaka kucha ikue na kukatwa. Nywele nazo ni vivyo hivyo.

Jambo moja lapasa kukumbukwa na kila mtu: rangi ya mhina ni nyekundu. Mara hina inapobanduliwa, rangi huwa kama ya chungwa. Kisha hewa huibadili polepole, na baada ya siku moja au mbili huwa nyekundu ya kuiva au hudhurungi nzito. Hakuna mhina wowote duniani, wa Lamu, wa Sudan wala wa India, ambao majani yake yenyewe hutia ngozi rangi nyeusi kama wino kwa saa moja.

KUTENGENEZA HINA YA KUPAKA

Kwa desturi ya zamani majani hukaushwa kivulini, hutwangwa katika kinu, kisha huchungwa kwa kitambaa chepesi mpaka unga uwe laini kama poda. Unga mzuri ni wa kijani, na harufu yake ni kama ya majani makavu. Unga uliokaa juani au mahali penye unyevu hugeuka rangi na kupoteza nguvu yake.

Unga huchanganywa na maji ya ndimu au ya limau, au maji ya majani ya chai yaliyopoa, na wengine huongeza sukari kidogo ili hina ishike na isipukutike upesi. Uji huo ufunikwe na kuachwa saa kadhaa. Ukianza kuonekana wekundu juu yake, ni ishara ya kuwa rangi imetoka na hina i tayari. Mpakaji hutumia kijiti, au karatasi ya nailoni iliyokunjwa kama pembe na kukatwa ncha, akachora maua na majani apendavyo.

Hina yafaa ikae mkononi saa nne hadi nane, au usiku kucha. Ikikauka hubanduliwa kwa kukwangua, si kwa kuosha kwa maji, na mikono haitiwi maji kwa saa nyingi baadaye. Kwa kuwa rangi hukolea siku ya pili, wazee waliojua kazi yao hawakumpaka bibi arusi asubuhi ya arusi, bali siku moja au mbili mbele. Subira hiyo haikuwa desturi tu, ilitokana na kuijua tabia ya mti.

KAZI NYINGINE ZA MHINA

Hina imetumika tangu kale. Imeonekana katika nywele na kucha za baadhi ya maiti waliokaushwa katika Misri ya zamani. Imetumika kutia rangi sufu, hariri na ngozi za wanyama, na katika nchi fulani watu huwapaka farasi wao manyoya ya shingoni na kwato. Maua hutolewa mafuta mazuri ya manukato. Mbao za mhina ni ndogo lakini ngumu, hufaa kwa mipini ya vyombo, na vijiti vyake hutumika kama miswaki.

Katika nchi nyingi watu hupaka hina nyayoni wakati wa joto kwa kuwa huleta ubaridi, na pia kwa ngozi iliyopasukapasuka. Uchunguzi umeonyesha kuwa losoni huzuia baadhi ya ukungu na vijidudu vya ngozi. Lakini hii haina maana ya kuwa hina ni badala ya hospitali. Mwenye kidonda kisichopona au homa inayorudi hana budi kwenda kwa daktari, na hina ibaki kuwa pambo.

Heshima ya hina imetambuliwa na mataifa pia. Mwezi wa Desemba mwaka 2024, shirika la UNESCO liliandika desturi za hina katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi lililoletwa pamoja na nchi 16 za Kiarabu, miongoni mwao Oman, Yemen na Sudan. Oman na Yemen zina ujamaa wa siku nyingi na pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa biashara na kwa ndoa.

HINA NYEUSI SI HINA

Sasa tazama jinsi hatari inavyoingia. Hina ya kweli huhitaji usiku mzima kukaa mkononi, na siku mbili kukolea. Watu wenye haraka hawapendi kungoja. Tena, mapambo ya siku hizi hupenda mistari myeusi kando ya mistari myekundu. Kwa hiyo wapakaji wengi wamechukua dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, wakaichanganya na hina au kuichora peke yake. Hiyo ndiyo iitwayo piko au hina nyeusi. Hukolea kwa muda mfupi, nayo ni nyeusi tititi.

Dawa nyingi za namna hiyo zina kemikali iitwayo parafenilini-daiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Katika dawa za nywele, nchi nyingi zimeweka sheria juu ya kiasi chake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kiasi cha PPD kinachofika kichwani kisizidi sehemu 2 katika 100, na mtumiaji huonywa kwanza. Kuipaka juu ya ngozi kwa pambo hakuruhusiwi huko, wala Marekani. Lakini mpakaji wa mtaani hana mizani wala kipimo. Huichanganya kwa kukisia, na huiweka juu ya ngozi tupu ya mtoto.

Yule aliyepakwa mara ya kwanza huenda asione lo lote siku zile. Mwili, hata hivyo, hujifunza kuichukia dawa ile. Wiki moja au mbili baadaye, au akipakwa mara ya pili hata kama ni mwaka mwingine, ngozi huanza kuwasha, huvimba, hutoka malengelenge na maji, yote yakifuata mistari ile ile iliyochorwa. Yakipona huacha alama nyeupe au nyeusi, na mara nyingine kovu lililoinuka, lenye umbo la ua alilochorwa siku ya sikukuu.

Baya zaidi ni kwamba chuki hiyo ya mwili haiishi. Mtu aliyekwisha kudhuriwa na PPD huweza kudhurika maisha yake yote kila aigusapo. Akipaka dawa nyeusi ya nywele uzeeni, uso na macho huweza kuvimba hata asione. Tena baadhi ya rangi za nguo, na baadhi ya dawa za kutia ganzi, huweza kumletea taabu ile ile kwa kuwa ni za jamaa moja na PPD. Basi msichana aliyepakwa piko akiwa na miaka saba ametwishwa mzigo asioujua, na atauchukua mpaka mwisho wa umri wake.

Dawa hiyo ikimezwa ni sumu ya kuua. Tangu miaka ya 1980, madaktari wa Sudan wamekuwa wakieleza habari za watu walioimeza, wengine kwa bahati mbaya na wengine kwa makusudi. Koo na ulimi huvimba mpaka pumzi huziba, mkojo huwa mweusi, na figo huharibika. Mahali pa kuiweka dawa ya nywele, kama iko nyumbani, ni juu, mbali na watoto, wala isitiwe katika chupa au kikombe cha kunywea.

NAMNA YA KUIPAMBANUA

Hina ya kweli ina alama zake, na kila mnunuzi aweza kuzitazama kabla hajanyosha mkono.

Kwanza, rangi ya unga. Wa kweli ni kijani au kijani iliyochanganyika na hudhurungi. Unga mweusi, au majimaji meusi yaliyochanganywa na maji ya chupa ya pili, si hina.

Pili, harufu. Hina hunuka majani makavu, pamoja na ndimu au mafuta ya karafuu iliyotiwa. Harufu kali ya kuchoma pua kama ya dawa ya dukani ni onyo.

Tatu, muda. Mpakaji akisema, "Baada ya nusu saa utaosha, na itakuwa nyeusi," basi amekwisha kujitaja mwenyewe kuwa hana hina.

Nne, rangi ya kwanza. Hina ikitoka mkononi ni ya chungwa, na weusi wa papo kwa papo si kazi ya majani haya.

Ni kweli kwamba nili, iliyo rangi ya mmea mwingine, imetumika tangu kale pamoja na hina ili kuzitia nywele weusi. Lakini nili ni ya nywele, kazi yake huchukua saa nyingi, na haiandiki mistari myeusi ya kudumu juu ya ngozi kwa dakika thelathini.

Aliyekwisha kupakwa dawa nyeusi na akaona kuwashwa, aioshe mara moja kwa sabuni na maji mengi, asiyapasue malengelenge, wala asipake dawa za kubahatisha juu yake. Aende zahanati au hospitali, na amweleze daktari wazi kuwa alipakwa piko. Aonaye uvimbe wa midomo au taabu ya kupumua asingoje mapambazuko.

WATOTO WACHANGA WASIPAKWE HINA YO YOTE

Kuna hatari nyingine, nayo haimo katika piko tu bali hata katika hina safi kabisa. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kitu fulani katika damu ambacho madaktari hukiita G6PD. Upungufu huu hurithiwa, na huonekana sana katika nchi zenye malaria, pamoja na pwani ya Afrika ya Mashariki na Bara Arabu. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Mwenye upungufu huu huishi vizuri kama watu wengine mpaka damu yake ikutane na vitu fulani, ambapo chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi.

Losoni ni mojawapo ya vitu hivyo. Mtu mzima akipakwa viganja haipati njia kubwa ya kuingia. Lakini mtoto mchanga ana ngozi nyembamba na mwili mdogo. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa nchi mbalimbali wameandika habari za watoto wachanga waliopakwa hina mwili mzima au sehemu kubwa, kwa nia njema ya kuwapamba au kuilainisha ngozi, kisha wakapungukiwa na damu na macho yao yakawa manjano. Wengine walikufa.

Kwa kuwa mzazi hawezi kumtambua mtoto mwenye upungufu huu kwa macho, njia iliyo salama ni moja: mtoto mchanga asipakwe hina mahali po pote mwilini. Na mtu ye yote ambaye amekwisha kuambiwa hospitali kuwa ana upungufu wa G6PD aiache hina maisha yake yote. Mtoto akionekana amepauka, au macho ni manjano, au mkojo umekuwa kama kahawa baada ya kupakwa, apelekwe hospitali siku ile ile.

KUUPANDA MHINA

Hapana njia iliyo bora ya kujua hina ni safi kuliko kuichuma katika ua wako mwenyewe. Mihina miwili au mitatu nyuma ya nyumba yatosha kwa mahitaji ya jamaa nzima, na atakaye kuifanya biashara aweza kuanzia ua wa mpaka wa shamba.

Udongo ufaao ni wa kichanga usiotuama maji. Mhina hustahimili ukame kuliko unavyostahimili kulowa miguu. Mahali pa kinamasi pasichaguliwe, wala kivuli cha miembe, maana mti huu wataka jua la kutwa.

Mti huweza kupandwa kwa mbegu au kwa vipande vya matawi. Atakaye mbegu achume vitunda vilivyoiva na kukauka, avipondeponde taratibu na kupepeta. Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo ziloweshwe siku kadhaa, na maji yabadilishwe kila siku ili zisioze. Kisha zichanganywe na mchanga, maana ni ndogo mno kuzimwaga sawasawa peke yake, na zimwagwe juu ya kitalu kilicholainishwa. Zifunikwe kwa udongo mwepesi tu, na zinyunyiziwe maji kwa upole asubuhi na jioni. Kumwaga maji kwa ndoo huzichukua zote upande mmoja.

Miche ikifika urefu wa futi moja na nusu, na mvua za masika zikiwa zimeanza, hupelekwa shambani. Kwa ua, nafasi ya futi moja hadi moja na nusu baina ya mche na mche yafaa. Kwa mti wa kusimama peke yake, nafasi ya futi 6 au zaidi. Kabla ya kupanda, ncha za juu zikatwe ili mche usipoteze maji mengi, na udongo ushindiliwe vizuri kuzunguka mizizi.

Atumiaye vipande vya matawi achague tawi lililokomaa, nene kama penseli, na akate vipande vya inchi 8. Theluthi mbili za kila kipande huzikwa ardhini, na udongo uwe na unyevu mpaka machipukizi yatokee. Faida ya njia hii ni kuwa mti utokeao ni sawasawa na mama yake. Mwenye jirani ambaye mhina wake hukolea vizuri aombe kipande katika huo.

Mwaka wa kwanza ndio wa taabu. Palizi isikose, kwa kuwa miche michanga hushindwa na magugu, na mchwa huishambulia. Mizizi ikisha kwenda chini, kazi hupungua sana, na mti utunzwao huweza kuvunwa zaidi ya miaka 20.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Mhina usikatwe sana kabla ya kutimiza mwaka. Baada ya hapo matawi hukatwa mara moja au mbili kwa mwaka, kadiri ya mvua, na kisiki huchipua tena. Siku ya kuvuna iwe kavu. Majani yaliyokatwa yakinyeshewa mvua hugeuka meusi na bei yake huanguka, hata wakulima wa India huiogopa mvua ya wakati wa mavuno kama wakulima wa pamba waiogopavyo.

Matawi yatandazwe kivulini, juu ya mkeka au sakafu safi, mahali ambapo hewa hupita. Jua kali huharibu rangi. Yakikauka hupigwapigwa kidogo kwa fimbo, na majani huanguka yenyewe. Vijiti na mchanga viondolewe kabisa, kwa sababu mnunuzi hupima uzuri wa hina kwa usafi wake. Majani makavu yatiwe katika magunia na kuwekwa mahali pakavu pasipo mwangaza. Kuyahifadhi majani mazima na kutwanga kidogo kidogo kwa mahitaji ni bora kuliko kutwanga yote kwa mara moja, maana unga huchoka upesi kuliko jani.

HABARI ZA SOKO

Unga mwingi wa hina uuzwao ulimwenguni hutoka India, hasa jimbo la Rajasthan. Huko, katika mji wa Sojat na vijiji vyake, mhina hupandwa mashamba kwa mashamba katika nchi yenye mvua chache. Mwaka 2021 hina ya Sojat ilipewa ulinzi wa sheria, hata mtu wa mahali pengine haruhusiwi kuliandika jina la Sojat juu ya hina yake. Jina hilo halikupatikana kwa bahati. Limepatikana kwa sababu wanunuzi walizoea kuona hina ya huko ikikolea mwaka baada ya mwaka.

Mkulima wa Afrika ya Mashariki asiambiwe kuwa mhina utamtajirisha. Kabla ya kulima ekari nzima, atafute kwanza nani atanunua, na kwa bei gani. Lakini wanawake wafanyao kazi ya kupamba maarusi katika miji ya pwani wanahitaji hina iliyo mpya na iliyo safi, na unga wa pakiti uliovuka bahari mara nyingi umekwisha kupoteza nguvu. Mpambaji ajuaye shamba hina yake ilikotoka aweza kumwambia mama wa bibi arusi kwa moyo mkunjufu kile anachompaka binti yake.

Hilo ndilo neno la kushika. Pambo la hina ni la heshima, limetoka kwa wazee, na mti wake hauna ubaya ukitumiwa kwa watu wanaostahili. Ubaya umeletwa na haraka. Mwenye kutaka weusi wa nusu saa atauziwa dawa ya nywele kwa jina la hina. Mwenye kuchuma majani yake, akayatwanga, akangoja usiku mmoja, atapata wekundu uliopendwa na mabibi wa kale, na baada ya wiki chache utatoka wenyewe bila kuacha kovu.